Misumari Iliyopita Hewani

Wabebaji wawili walimsaidia Kipimo kuigeuza kenchi ya saba, kisha wakaenda zao kunywa maji. Yeye alibaki ameinama pale mwishoni, na hapo ndipo alipoona. Kwenye ule upande uliokuwa umelala chini, misumari minne kati ya minane ilikuwa imetokeza mitupu, inang'aa, haikushika mbao yoyote. Ilitoboa kibao cha kuungia ikapita hewani.

Aliigusa mmoja mmoja kwa kidole. Akatazama huku na huku kama mwizi, ilhali hakuiba kitu.

Kipimo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wabebaji wa mbao, kwa sababu hakuwahi kukata ubao bila kuupima mara mbili, na ukimharakisha anaupima mara ya tatu kwa kukukomoa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa binti mmoja, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyeshika msumeno tangu utotoni. Kazi aliifundishwa na baba yake, ambaye kila mtu pale kazini alimwita Mkuu. Na ile misumari minne ilipigwa na Mkuu mwenyewe.

Walikuwa wakiezeka bwalo la shule. Kuta zilikuwa zimekwisha kupanda, lenta, ule mshipi wa zege juu ya kuta, imemwagwa na kukauka, na nondo fupi zimeachwa zimesimama juu yake tayari kukunjwa na kushikilia paa. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita tisa, upana ambao si wa mchezo. Ndiyo maana kenchi, yaani zile pembetatu kubwa za mbao zinazobeba paa zima, walikuwa wakiziunga chini kwanza, uwanjani, moja juu ya alama za nyingine ili zote zifanane. Zilitakiwa kumi na moja. Wanafunzi walikuwa likizo, na mwalimu mkuu alitaka wakirudi wale chakula chao chini ya bati.

Sasa, katika kenchi, kila kiungo kina kazi yake, lakini kiungo chenye roho ni kile cha pembeni, ambapo mbao ya mlalo inakutana na mbao ya mteremko, juu kabisa ya ukuta. Mafundi hukiita kisigino. Kisigino kikiachia, hakuna kingine cha kusaidia. Kwa hiyo Mkuu hakumruhusu mtu yeyote kupiga visigino. Alipiga mwenyewe, kibao upande huu, kibao upande ule, akimaliza anavigonga kwa ngumi na kusema, "Hapo sasa, njoo na tembo."

Kwa kawaida Mkuu mwenyewe angeigeuza kenchi ile na kukipiga kibao cha pili juu yake, na yale yaliyokuwa katikati yasingeonekana na mtu mpaka kiama. Siku hiyo aliitwa na mwalimu mkuu kuzungumzia milango. Ndipo Kipimo akaigeuza.

Aliinua macho akatazama zile kenchi sita zilizokwisha kukamilika, zimeegemezwa ukutani kwa mpangilio mzuri, vibao pande zote mbili, misumari imepangika kwa nje kama vifungo vya shati. Nani ajue ndani yake kuna nini?

Haikuwa kwamba hakujua lolote. Tangu mvua za mwaka uliopita alimwona baba yake akimimina chai pembeni ya kikombe na kulaani kikombe. Alimwona akipapasa ukuta kabla ya kuketi. Alipomuuliza, mzee alijibu, "Macho yamechoka, mama, yamefanya kazi tangu hujazaliwa." Alimwita mama kwa kuwa binti alibeba jina la mama mzazi wa mzee, na alipomwita hivyo mjadala ulikuwa umefungwa.

Mchana, wenzake walipolala kivulini, Kipimo alichukua nyundo akaenda kwenye kenchi ya saba. Aling'oa misumari mibovu, akapiga mipya. Alikuwa kwenye msumari wa tatu aliposikia sauti nyuma yake.

"Nani huyo?"

"Mimi, Baba."

"Unapiga nini saa hizi?"

"Naongezea kwenye nguzo ya kati."

Mkuu aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Nguzo ya kati iko huku kwangu. Wewe unapiga kisigino."

Kipimo alishusha nyundo.

"Umeona kasoro?"

Hapo ndipo ilipomlazimu kusema. Maneno alikuwa nayo, yamejipanga kabisa. Lakini alimwona baba yake amesimama na kofia yake ya jua, mikono imening'inia, na kwenye kidevu alama ya wembe uliomkata asubuhi. Akaogopa. Hakuogopa kupigwa wala kutukanwa. Aliogopa uso wa mzee utakavyokuwa baada ya neno lile.

"Hapana, Baba. Sikuona kasoro."

"Basi acha kunifuata nyuma kama mimi ni mtoto anayejikojolea," alisema Mkuu, akaondoka, na mguu wake ukagonga rundo la mbao.

Kwa kenchi nne zilizobaki Kipimo hakubanduka ubavuni pa baba yake. Alimshikia vibao na kumwelekeza kwa maneno ya kuzuga: "Baba, hapa pana fundo, sogea ndani kidogo," na mzee akasogea, msumari ukaingia penyewe. Hizo nne zilikuwa salama. Ya saba aliimalizia kwa kuiba dakika. Zile sita za kwanza ndizo zilizomkosesha usingizi na hamu ya kula.

Alijaribu kumwambia shemeji yake. Huyu alikuwa mume wa dada yake mkubwa, msimamizi wa kamba na ngazi, mtu wa utani asiyeweza kupita jiwe bila kulisalimia. Alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Labda ni hiyo moja tu, shemeji," alisema.

"Na kama si moja?"

"Nani atamwambia? Mimi? Nimemchukulia binti, nimchukulie na kazi? Wewe ndiye damu yake."

"Ndiyo maana siwezi."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake awe jasiri. Mwisho shemeji alisema, "Nitazidisha mbao za kushikilia kule juu. Kila kenchi ikisimama naibana na mwenzake papo hapo, mara mbili." Wakakubaliana hivyo, na wote wawili walijua hayo si makubaliano, ni kuahirisha.

Siku ya kupandisha, kulikucha na upepo. Haukuwa mkali. Ulikuwa wa kuja na kutulia, kuja na kutulia, ule unaokufanya usijue umwambie nini mtu.

"Baba, tungoje upepo ukate," alisema Kipimo.

"Tukingoja upepo ukate, tutazeeka hapa. Panda."

Akapanda. Alikaa juu ya lenta kama mtu aliyepanda punda, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na kipande cha kamba begani cha kufungia kisigino kwenye nondo. Shemeji alikaa hivyo hivyo kwenye ukuta wa pili, mita tisa mbele yake. Chini, wabebaji wawili walishika kamba kwa nje. Wawili wengine walikuwa ndani ya bwalo na miti mirefu ya kusukumia, na katikati yao Mkuu, naye na mti wake, akitoa amri.

Kenchi ndefu namna ile haipandi imesimama. Hupandishwa kichwa chini: visigino vinakaa juu ya kuta mbili, na kilele kinaning'inia ndani ya nyumba kama popo. Kisha wa chini wanakisukuma kilele kwa miti, wa kamba wanavuta, na kenchi inazunguka hewani mpaka isimame wima. Katikati ya mzunguko huo, ikiwa imelala sambamba na ardhi, uzito wote uko kwenye visigino.

Ya kwanza ilipanda. Kipimo hakupumua mpaka alipokunja nondo. Ya pili ikapanda. Ya tatu, alipoikumbatia kuifunga, alihisi kisigino chake kikicheza kidogo mkononi, kama jino la mtoto. Akatazama ng'ambo. Shemeji alikuwa akigongelea mbao za kushikilia kwa pupa, hakutania.

Sasa sema, alijiambia. Sema sasa hivi, ukiwa bado una mdomo.

"Baba!"

"Nini?"

"Tupumzike kidogo."

"Kenchi tatu unataka kupumzika? Ya nne, jamani! Leteni!"

Ikaletwa. Visigino vikakaa. Kilele kikaning'inia. Mkuu akaweka mti wake kwenye mbao, akapaza sauti, "Haya, moja, mbili, sukuma!" Kenchi ikaanza kuzunguka, polepole, ikilia kama kitanda cha zamani. Ikafika robo. Ikafika nusu, imelala kabisa hewani juu ya vichwa vya wanaume watatu.

Upepo ukaja.

Kipimo aliusikia msumari kabla ya kuona chochote. Ulikuwa mlio mwembamba, kilio cha chuma kinachong'oka kwenye mbao, na alikuwa akiungoja mlio ule kwa siku tano. Mbele ya magoti yake kibao kilijikunja, mwanya ukafunguka, kidole kimoja, vidole viwili. Mbao ya mteremko ilikuwa ikiiaga mbao ya mlalo.

"Tokeni!" alipiga ukelele ambao hakujua anao. "Tokeni chini! Inaachia!"

Wabebaji wawili walitupa miti wakaruka, mmoja dirishani, mmoja mlangoni. Mkuu hakuruka. Alibaki pale pale, mti mkononi, uso ameuinua juu kuelekea sauti ya binti yake, na macho yake yalitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kipimo alijitupa kifudifudi juu ya lenta. Aliipitisha kamba kuzunguka mbao zote mbili, mara moja, mara mbili, akaizungusha kwenye nondo na kuivuta kwa nguvu zake zote. Mwanya ukasita. Kamba ikamla viganja.

"Baba, toka!"

"Wapi?" aliuliza Mkuu.

Neno hilo moja tu. Walilisikia wote: wa kamba nje, shemeji juu ya ukuta, wabebaji waliokwisha kukimbia. Wapi. Mtu aliyesimama katikati ya chumba chenye mlango mpana wa kupita gari.

"Tupa mti! Kushoto kwako! Kushoto, Baba! Tembea!"

Mkuu akatupa mti. Akapiga hatua.

"Nyingine! Usisimame! Kuna mbao mbele yako, inua mguu! Inua! Haya, tembea!"

Mzee alitembea mikono mbele, vidole wazi, kama mtu anayetafuta shuka gizani, na jua lilikuwa limewaka kila mahali. Kamba ilianza kuteleza. Kipimo aliihisi ikipita viganjani, nyuzi kwa nyuzi, na damu ikaifanya iteleze zaidi.

"Nyoosha mkono, Baba! Ukuta! Umeugusa? Ufuate! Mlango huo! Toka!"

Aliliona bega la baba yake likipotelea nje ya mlango. Kisha vidole vikamsaliti.

Kenchi ilishuka upande wake kwanza, ikapasuka katikati kwa mlio wa mti mkubwa unaoangushwa, na katika kuanguka ikaikumba ile ya tatu. Kipimo aliona kenchi tatu zilizosimama zikitikisika na kumwelekea, zote kwa pamoja. Alifumba macho. Aliuwaza mkono wa mtoto wake wa kike jinsi ulivyomshika sketi asubuhi ile. Akangoja.

Hazikuja. Mbao za shemeji, zile alizozigongelea mara mbili, zililia, zikapinda, zikakataa kukatika.

Vumbi likatulia. Shemeji, ng'ambo ya pili, alikuwa ameikumbatia nondo kwa mikono miwili. Kipimo alijaribu kusogeza mguu, mguu ukakataa. Haukuwa wake. Alikaa juu ya lenta, hawezi kushuka, hawezi kulia.

"Mama," sauti ya baba yake ilitoka nje, chini ya ngazi. "Uko wapi?"

"Niko juu, Baba."

"Umeumia?"

"Viganja tu."

"Shuka."

"Siwezi. Miguu haitaki."

Alisikia ngazi ikigusa ukuta, kisha ikilia. Alitazama chini akaona kofia ya jua ikipanda, kipago kwa kipago, na mkono ukipapasa kila kipago kabla ya mguu.

"Baba, usipande! Tafadhali!"

"Ngazi haihitaji macho," alisema Mkuu. Alifika juu, akatafuta goti la binti yake, akalipata, akalishika.

"Zile sita zote?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, Baba. Ya saba ilikuwa na minne hewani. Hii bila shaka. Ya tatu inacheza."

"Na siku ile uliniambia hukuona kasoro."

"Niliogopa."

"Kuniogopa mimi?"

"Kukuumiza."

Mzee alipangusa uso kwa mkono wenye vumbi na kuuchafua zaidi. "Mimi nilijua tangu mwaka jana," alisema. "Jicho la kushoto lilikwenda kwanza. Kila siku nilisema kesho nitawaambia. Halafu naamka nawaza, nikishaweka nyundo chini, nitakuwa nani? Nikawa napiga kwa mazoea. Mkono unakumbuka, nilijiambia. Kumbe mkono nao unadanganya." Akageuzia uso ndani ya bwalo. "Wangekaa hapa chini watoto mia mbili na sahani zao."

Kipimo aliuweka mkono wake uliochubuka juu ya mkono wa baba yake, na kwa kipago hiki, kisha hiki, wakateremka, yeye akimwambia mzee palipobaki, na mzee akimwambia yeye apumue.

Mwalimu mkuu alikuja mbio, miwani mkononi. Mkuu hakungoja kuulizwa. Alivua kofia mbele ya watu wote akasema, "Mwalimu, kosa ni langu. Sioni, na nimekuwa nikificha. Zile zote nilizopiga peke yangu zitashushwa na kufumuliwa. Kuanzia leo fundi wa paa hili ni binti yangu. Ukitaka fundi mwingine kabisa, ni haki yako, sitakulaumu."

Mwalimu mkuu alitazama mbao zilizopasuka sakafuni, akatazama viganja vya Kipimo. "Mfungeni bandeji mikononi kwanza," alisema. "Halafu tutazungumza."

Walizungumza. Kipimo akabaki na kazi, kwa sharti kwamba fundi wa wilaya aje akague kila kiungo kabla hakijapanda. Wakazishusha kenchi tatu, wakazilaza uwanjani pamoja na mbili zilizobaki, wakavibandua vibao. Kipimo hakumwambia mtu jumla ya misumari aliyoikuta hewani. Aliikusanya kwenye debe akaenda kuifukia nyuma ya choo cha shule. Moja tu kati ya zile sita ilikuwa nzima, na hata hiyo aliifumua. Zote wakaziunga upya, na nyingine mpya badala ya ile iliyopasuka.

Siku kumi na mbili baadaye walipandisha upya. Shemeji alirudisha utani wake, ingawa ulikuwa wa sauti ya juu mno, wa mtu anayepiga mluzi makaburini. Kipimo alikuwa chini mara hii, mahali pa baba yake, katikati, na kila kenchi iliyolala juu ya kichwa chake ilimrudishia mlio ule wa msumari. Mkaguzi alikuwa amepitisha kila kiungo. Yeye mwenyewe alikuwa amepitisha kila kiungo mara tatu. Hofu haikujali karatasi. Ya kumi na moja iliposimama na kubanwa, alitoka nje, akainama nyuma ya rundo la mchanga, akatapika, akajipangusa, akarudi kuuliza bati zimefika wapi.

Mwezi ule ule alimpeleka Mkuu hospitali ya macho. Daktari alisema jicho la kushoto limekwisha, presha ya jicho imelila kwa ndani, lakini la kulia ni mtoto wa jicho, litapasuliwa, na Mungu akijalia atauona tena uso wa mtu. Wakakaa kwenye benchi refu la kungojea, ukutani bango la herufi kubwa na ndogo, mlango wa chumba cha upasuaji ukifunguka na kufungwa.

Mkuu alikuwa amevaa shati safi. Aliuliza saa. Baada ya muda mfupi akauliza tena.

"Wanatumia kisu?" aliuliza.

"Kidogo sana, Baba. Daktari amesema hutasikia."

"Hivyo ndivyo wanavyosema." Alimtafuta binti yake kwa mkono, akamshika kiganja, juu ya kovu jipya. "Mama, mimi naogopa."

Tangu azaliwe Kipimo hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka mdomoni mwa baba yake. Alifikiri amjibu kwamba hakuna cha kuogopa, kama watu wanavyojibu hospitalini.

"Hata mimi naogopa," alisema.

"Basi usiondoke mpaka waniite."

"Siondoki."

Mlango ukafunguka, muuguzi akatoka na faili akatazama benchi lote. Mkuu alimkaza kiganja. Muuguzi akamwita mtu mwingine, akarudi ndani, nao wakaendelea kungoja.